Rundo la Kuni Chini ya Jina Langu

Katika toleo lililopita la gazeti hili mliniacha nimesimama nje ya duka la mikate, kikapu mkononi, baada ya Bi Zdena, mwalimu wa kwaya ya parokia, kuniambia maneno saba tu: "Kwaya haijakutana tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote."

Na kwa Jumamosi tatu mfululizo mke wangu Jarmila alikuwa akiniaga asubuhi kwamba anakwenda kwaya.

Kwa aliyechelewa kunisoma: mimi ni Vlastimil Orság, miaka hamsini na minne. Kiwanda cha zana kilifungwa, mgongo wangu ukaharibika, na sasa kila jioni nakaa darasani na vijana ninaoweza kuwazaa, najifunza kuendesha boila za kupasha majengo joto. Miaka miwili iliyopita nilimfukuza nyumbani mwanangu wa pekee, Hynek. Skii za marehemu baba yangu, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, zilitoweka darini, nami niliamini ameziuza. Aliapa kwamba hakuziuza. Sikumsikiliza. Tangu siku ile jina lake halitajwi mezani kwetu, ingawa wakati wa sala ya jioni huona midomo ya Jarmila ikitikisika peke yake, nami najua inatikisika kwa ajili ya nani.

Sasa sikilizeni dhambi yangu ya wiki hii. Nimekwisha kuiungama kwa padre. Bado kuiungama kwenu.

Mambo yalianza na likizo.

Februari ijayo tutatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Jarmila alizaliwa tambarare, kule kwenye shayiri na kabichi, na hajawahi kuvaa skii. Siku moja ya Septemba alikuwa akikunja nguo, akasema bila kuniangalia: "Miaka yote hii nakufulia soksi za kuteleza, Vlasto. Sijawahi kujua hata siku moja mnacheka nini huko mlimani kwenye theluji."

Nilimwahidi kumpeleka wiki nzima.

Kuahidi ni rahisi. Majirani zetu huenda Austria, na wakirudi hula viazi vitupu mpaka Pasaka. Hoteli za hapa kwetu, kwenye milima ya Beskydy, nazo siku hizi zina mabwawa ya maji moto na bei za kumtoa mtu jasho kabla hajaingia bwawani. Tulikaa jikoni na karatasi, tukapanga kimaskini lakini kwa furaha. Skii za Jarmila tungezipata kwenye mnada wa vifaa vilivyotumika, ule unaofanyika kila vuli katika ukumbi wa mazoezi wa shule. Buti angeazima kwa binamu yake. Chakula tungebeba: nyama za kukaanga ndani ya mkate, na supu ya kabichi chachu kwenye mitungi. Na malazi ni nyumba ya chama chetu cha watelezaji.

Nyumba ya chama ndiyo nguzo ya mpango wote. Baba zetu waliijenga wenyewe juu ya mlima, gogo kwa gogo, na kamba ya injini inayowavuta watu kilimani ni yetu pia. Mwanachama halipi ila kitu kidogo sana. Lakini hulipa kwa shoka. Kila familia hupasua kuni zake na kuzipanga chini ya upenu, chini ya ubao wenye jina lake. Ukutani kuna mstari mwekundu. Kuni zako zisipofika mstarini kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, wiki nne kabla ya Noeli, huna kitanda majira yale, hata kama baba yako ndiye aliyepiga msumari wa kwanza.

Septemba tulipiga kura za kugawana wiki za nyumba ile. Mimi, ambaye sijawahi kushinda hata kuku kwenye bahati nasibu ya kanisa, niliokota karatasi ya wiki bora kuliko zote: wiki ya mapumziko ya shule ya wilaya yetu, nayo ndiyo wiki ya ndoa yetu. Aliyeokota karatasi iliyofuata ni Stavinoha, makamu mwenyekiti, ambaye alikuwa amekwisha kuwaahidi wakwe wa binti yake, watu wa mji wa Brno, kwamba wiki ile ni yake. Karatasi yake ilisema mwisho wa Machi, wakati mlima ni tope tupu.

Nilisimama mkutanoni nikaomba nisamehewe kuni mwaka huu kwa sababu ya mgongo. Nilionyesha cheti cha daktari. Wengi walitazama viatu vyao. Stavinoha hakutazama viatu.

"Tunajua unasali sana, Orság," alisema. "Lakini kuni hazipasuliwi kwa rozari."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikakikunja cheti cha daktari nikakitia mfukoni.

Nilimficha Jarmila mpaka mwanzoni mwa Novemba, ndipo nikamweleza kwamba mpango umekufa. Alikuwa akisukuma unga. Alisema tu kwamba tumwachie Mungu, akaendelea kusukuma. Nilidhani amekata tamaa.

Jumamosi iliyofuata ndipo "kwaya" ilipoanza.

Baada ya maneno ya Bi Zdena nilifanya jambo ambalo mume asilifanye. Jarmila alipokuwa anaoga, nilichukua koti lake nikalinusa kama mbwa wa polisi. Kanisani kuna harufu ya ubani na nta. Mkono wa koti lile ulinuka utomvu wa msonobari. Na kwenye glavu yake ya kulia kulikuwa na unga wa mbao.

Nani mwenye utomvu na mbao? Křenek, mtunza nyumba ya chama. Mwanamume aliyefiwa na mkewe, miaka sitini na mmoja, ana masharubu mazito na sauti ya besi. Wakati wa arusi yetu, miaka ishirini na mitano iliyopita, alicheza na bibi arusi nyimbo tatu, nami nilizihesabu. Ndiyo, nilizihesabu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na usiku ule nililala nikiutazama ukuta.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio, saa moja asubuhi, Jarmila alijifunga kichwani kitambaa chake cha buluu, akachukua kikapu kilichofunikwa. Nilimwambia nina marudio ya mtihani wa boila kutwa nzima. Aliniambia kwaya inajiandaa kwa Noeli. Tulichovya vidole kwenye maji ya baraka yaliyo mlangoni, tukafanya ishara ya msalaba, tukatoka, kila mmoja na uongo wake.

Nilipanda basi la baadaye. Kutoka kituoni ni mwendo wa saa moja kupanda, kwangu mimi saa moja na nusu. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, nyembamba kama chumvi juu ya yai. Nilianza rozari, lakini kila nilipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" nilianza kupanga maneno ya kumwambia Křenek.

Nilipofika juu sikuona mtu. Nilizunguka nyuma, kwenye kuni.

Nikasimama.

Mahali pangu, ambapo mwezi uliopita palikuwa patupu, palikuwa na rundo. Lilifika mstari mwekundu. Hapana, lilipita mstari kwa upana wa kiganja. Na juu yake, kwenye msumari, ubao wa baba yangu: ORSÁG.

Mtu mwingine angepiga magoti kumshukuru Mungu. Mimi nilianza kuchunguza.

Kuni zilikuwa zimepangwa gome juu, mvua isiingie. Kona zilikuwa zimefungwa kwa vipande vilivyopishana, na chini ya kona ya kushoto kulikuwa na jiwe bapa la kuzuia rundo lisiegemee. Ilikuwa kama nimepanga mwenyewe usingizini. Niliona hilo, wapenzi wasomaji, niliona kwa macho yangu mawili, na badala ya kuniambia ukweli, macho yangu yaliniambia: Křenek amekuiga mkono ili usishtuke. Amemlipa mkeo kwa kuni.

Niliingia jikoni. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Juu ya jiko kitambaa cha buluu kilikuwa kikikauka. Mezani kulikuwa na mkate mpana wa peasi, na pembeni mwa mkate ule alama za uma, tatu tatu, kama anavyobonyeza Jarmila peke yake katika wilaya nzima. Na vikombe. Vikombe viwili, bado vina joto.

Nilikaa nikasali. Lakini ile haikuwa sala. Yalikuwa mashtaka, na Mungu nilimfanya karani.

Mlango ulifunguka. Nilisimama kumkabili Křenek, lakini aliyeingia ni Stavinoha. Alikuja kukagua kuni kwa ajili ya Jumapili, akiwa na nyundo kiunoni na ubao wake kwapani, maana alikuwa na hakika kabisa atakuta mahali pangu patupu.

Alitazama kitambaa. Akatazama vikombe. Akajikatia kipande cha mkate bila kuulizwa.

"Naona kuni zako zimejipanga zenyewe," alisema.

Nilimjibu kwamba zimefika mstarini, na hilo ndilo kanuni inalotaka.

"Zimefika. Mkeo ana bidii. Na Křenek naye, mzee wa watu, tangu lini ana bidii hivyo?" Alitafuna polepole. "Jumamosi mbili nilizopita hapa nilimkuta mkeo. Nilipobisha hodi, nilisikia mlango wa nyuma ukifungwa. Mimi si mtu wa maneno, Orság. Lakini wiki moja ya kuteleza, kwa bei ile? Mimi nisingeichukua."

Akajikatia kipande cha pili.

Chama chetu kina kanuni moja ambayo haijaandikwa popote na kila mtoto anaijua: mwenye kuushusha ubao wake kwa mkono wake mwenyewe ameitoa wiki yake, pamoja na kuni zilizo chini yake, kwa aliyeokota karatasi iliyofuata. Haurudishwi msimu ule. Mababu waliweka hivyo ili mtu asicheze na hasira mbele ya wenzake. Ni wanachama wote tu, kwa kunyoosha mikono bila hata mmoja kukataa, wanaoweza kuurudisha.

Nilitoka nje. Mgongo uliuma, sikuusikia. Niliunyoosha mkono juu ya rundo, nikauvua ubao wa baba yangu kutoka kwenye msumari alioupiga mwenyewe.

"Chukua," nilimwambia Stavinoha. "Wapeleke wakwe zako."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba samaki amemeza ndoano yote. Kisha akaniuliza kama nina hakika. Nilisema ninayo. Akaniuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, na ndipo nilipoona kwamba kijana wa kamba ya injini alikuwa amesimama karibu na banda, anasikia. Stavinoha alikuwa anatafuta shahidi. Nilirudia kwamba ninayo hakika.

Niliuingiza ubao ndani ya koti. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri.

Wakati ule ule Křenek alitokea kwenye njia ya chemchemi, akija polepole na ndoo moja. Nilimwendea kabla hajaitua. Nilimwambia mambo ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa, na mwishoni nikamwambia: "Miaka ishirini na mitano nimekuita rafiki, nawe unamlipa mke wangu kwa kuni."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliitua ndoo, akafungua vifungo vya koti lake kwa mkono mmoja, taratibu, kama mtu anayejiandaa kulala. Ndani, mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa cha hospitali.

Alinieleza kwamba alianguka kwenye ngazi ya dari mwanzoni mwa Oktoba na bega lilivunjika. Hawezi kupasua hata kijiti cha kuwashia moto. Maji anachota ndoo moja moja. Wanachama wote wanajua, alisema, isipokuwa yule ambaye tangu mkutano wa Septemba amemnunia kila mtu.

"Sasa niambie, Vlasto," alisema. "Mtu wa mkono mmoja amepasua kuni zile?"

Nilisema basi ni Jarmila. Alitikisa kichwa. Jarmila alibeba, alisema, na alipika, na siku ya kwanza alilia kidogo. Lakini shoka hakulishika yeye, wala hakupanga yeye.

Alinishika kiwiko akanirudisha kwenye rundo. Stavinoha alikuwa amekwisha kuegemeza ubao wake ukutani, anachagua misumari.

"Angalia kona," alisema Křenek. "Mbona unaangalia mstari tu? Sote hapa tunafunga kona kuelekea kulia. Hii imefungwa kuelekea kushoto. Na jiwe liko wapi? Chini kushoto. Tangu nyumba hii isimame, ni watu wangapi wanaopanga kwa mkono wa kushoto?"

Baba yangu alikuwa wa mkono wa kushoto. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Na kuna mtu wa tatu. Nilimfundisha mwenyewe pale pale, akiwa na miaka minane, pua imejaa kamasi, nikimwambia gome juu, gome juu, mvua haina huruma.

Niliushika ukuta.

Hynek.

Křenek alinisimulia yaliyobaki kwa upole, nami kila neno lilinikata. Jarmila alimwandikia Hynek kuhusu kuni siku ile ile aliyokuwa akisukuma unga. Kijana alikuja kutoka mji wa Ostrava, anakofanya kazi, kila Jumamosi baada ya zamu ya usiku. Stavinoha alipobisha hodi, ni Hynek aliyetoka kwa mlango wa nyuma, maana aliogopa habari zitanifikia nami nitakuja kuliangusha rundo. Chumba walichopanga kwa Februari kina vitanda vinne. Viwili vyetu. Kimoja chake. Cha nne ni cha msichana ambaye Hynek anataka kumwoa; alitaka mimi, baba yake, nimwone kwanza.

"Mama yake alisema mlimani hamwezi kukimbiana," Křenek alisema. "Theluji ikiwafungia, mtazungumza tu."

Nilitaka kukimbia nikamnyang'anye Stavinoha nyundo. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini hawakusema hasara inakuja haraka namna ile. Nilimuuliza Křenek wako wapi sasa.

"Wameshuka upande wa pili, kwenye gari la kijana. Wamekwenda kuchukua skii."

"Skii gani?"

"Za baba yako," alisema. "Amezitunza miaka yote miwili."

Sijui nieleze vipi. Sekunde moja kabla nilikuwa mtu aliyetubu. Nilikuwa tayari kumpigia magoti mwanangu kwenye theluji. Na neno lile moja likaamsha nyoka yule yule. Kwa hiyo alizichukua. Aliniangalia usoni akaapa, na skii alikuwa nazo.

Křenek aliona uso wangu ukibadilika. Alishusha pumzi.

"Nilijua utafika hapo," alisema. "Aliapa kwamba hakuziuza, Vlasto. Hukumuuliza swali lingine. Ungemuuliza nani alimpa azifiche, angekujibu. Lakini hilo si langu kulisema. Aliyempa yuko nyumbani kwako."

Nyumbani kwangu tuko wawili tu.

Nilifungua mdomo nimuulize kwa nini, kwa nini mke wangu afiche skii za baba yangu, kisha aniache nimfukuze mtoto wake mwenyewe na akae kimya miaka miwili. Sikuwahi. Nyuma yangu Stavinoha alianza kupiga nyundo. Hakutundika ubao wake kwenye msumari wa baba yangu. Aliupigilia kwa misumari minne, ili upepo usiuchukue, na kila pigo lilirudi kutoka msituni.

Ndipo nilipowaona.

Walitoka kati ya misonobari, hatua mia hivi kutoka kwetu. Jarmila mbele, kichwa wazi, nywele zina theluji. Nyuma yake kijana mrefu, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Kati yao, mabegani, walibeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi la kijani, lile blanketi tulilodhani tumelipoteza. Walikuwa wanacheka. Miaka miwili sikumsikia Jarmila akicheka vile.

Hynek aliniona kwanza. Alisimama, na kwa sababu mzigo ulikuwa mmoja, mama yake naye alisimama.

Alizitazama kuni zake. Akautazama ubao mpya na mtu mwenye nyundo. Kisha akanitazama mimi, bila hasira yoyote, kama mtu anayesoma barua ambayo tayari anajua imeandikwa nini.

Jarmila alishusha mwisho wake wa mzigo kwenye theluji.

"Vlasto," alisema, "ubao wetu uko wapi?"

Ulikuwa ndani ya koti langu, na pembe yake ilikuwa ikinichoma ubavuni.